Mpiga Drams Aliyetazama Viatu

Vijana wa bendi, siku mliponiaga kwa soda na nyama ya mbuzi mliniomba niwaandikie jinsi nilivyoingia katika kazi hii. Nimekubali kwa sababu sasa muda ninao, na kwa sababu mke wangu amechoka kunisikiliza. Sitaandika habari za vyeo wala vyeti. Vyeti viko ukutani, mwenye macho atavisoma. Nitaandika habari za mtu mmoja, Ambakisye, mpiga drams wa bendi yangu ya kwanza. Karibu kila jambo ninalowagombeza nalo mazoezini nililipata kwake, huko Mbeya na Iringa, katika miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru.

Mimi ni Mhehe wa Kalenga. Saksafoni nilijifunza katika bendi ya shule ya misheni, tukipiga nyimbo za kanisani na kuandamana kuzunguka kiwanja cha mpira. Nilipomaliza shule nikasikia kwamba Mbeya kuna bendi ya dansi inayoitwa Ukungu Jazz, na kwamba mpiga saksafoni wao ameondoka kwenda migodini Rhodesia. Nikadandia lori la magunia ya mahindi, nikafika Mbeya nikiwa mwekundu kwa vumbi tangu nywele hadi kucha. Niliona jina la bendi halina mvuto wowote. Asubuhi yake nilifungua mlango nikashindwa kuiona nyumba ya jirani, nikawaelewa.

Kiongozi wa bendi alikuwa Bwana Stanslaus, Mbena wa Njombe, aliyepiga tarumbeta jeshini wakati wa vita. Siku za kazi alikuwa karani wa stoo. Jioni na Jumapili alikuwa wetu. Alikagua viatu vyetu kama sajini. Pombe aliikataza kabisa mpaka tumalize kupiga. Tena alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila mara: muziki ukishaanza haukatwi, hata bati livuje, hata watu wapigane, hata taa zizimike.

“Watu wakisikia kimya,” alituambia, “wanakumbuka kwao.”

Siku yangu ya kwanza nilienda ukumbini alasiri. Nilimkuta mtu amechuchumaa mbele ya jiko la makaa, ameinamisha ngoma juu ya moto kama anayebanika muhindi. Siku hizo ngoma zetu ziliwambwa ngozi ya ndama, hazikuwa hizi za plastiki mnazozipiga mpaka zinabonyea. Baridi ya Mbeya iliilegeza ngozi ikawa kama shuka lililoloa, kwa hiyo kabla ya dansi lazima uipashe moto, na ukizidisha inapasuka. Yule mtu aliizungusha polepole, akaigonga kwa ukucha, kisha akaweka kiganja juu yake na kukiacha hapo. Nilidhani anapima joto.

“Ugonile,” akanisalimu Kinyakyusa.

“Kamwene,” nikamjibu Kihehe.

Akacheka. “Basi tumeshaelewana. Mimi Ambakisye. Toa chombo chako tukusikie.”

Akapanga ngoma zake jukwaani, akavua viatu na soksi, akakaa. Nikaanza kupuliza, na nilipuliza kila nilichokuwa nacho, kwa maana niliogopa kwamba nikiacha hata nafasi ndogo watanirudisha Kalenga. Alinifuata kidogo, halafu akaweka vijiti mapajani.

“Umemaliza, mdogo wangu?”

“Nimemaliza, kaka.”

“Umeijaza nyumba vyombo. Mtu akija kucheza, mguu ataweka wapi?”

Akaniambia nirudie wimbo ule ule, ila nipulize nusu ya nilichopuliza, na pale nitakaponyamaza ninyamaze kweli, nisivute pumzi kama mtu anayetaka kulia. Nikafanya hivyo. Niliponyamaza aliingia yeye, kwa upole, kama mtu anayekupokea mzigo njiani. Nilipoanza tena alikuwa amekwisha kunipisha. Kwa mara ya kwanza nilisikia kimya changu mwenyewe kikiwa ni sehemu ya wimbo, na nikajua sirudi Kalenga.

Tangu hapo kila wimbo wetu ulikuwa na mahali ambapo wenzangu wote waliacha kupiga, na Ambakisye akazishusha drams mpaka ukasikia kijiti kimoja tu kikigonga ukingoni, ili mimi nipulize peke yangu. Nilipomaliza alifunga kwa pigo moja la ngoma kubwa ya mguu, wote wakarudi. Wenzangu walipaita mahali hapo kiwanja cha Kalolo, Kalolo ndilo jina langu. Kilikuwa kiwanja kidogo, lakini hakikupandwa na mtu mwingine.

Ambakisye alizaliwa Rungwe, kwenye nyumba ya kanisa, na ngoma ya kwanza aliyoigusa ilikuwa ya bendi ya matarumbeta ya usharikani. Ujana wake alienda Kusini, kwa Makaburu, kuchimba dhahabu. Alikuwa akishika mashine ya kutoboa mwamba, chini kabisa, na siku za mapumziko alikuwa akisimama nyuma ya jukwaa la bendi za kambini kuwatazama wapiga drams wa kule mpaka wakamzoea na kumpa vijiti. Alirudi na jazz mikononi. Lakini aliporudi hakuyatupa aliyoyakuta nyumbani. Ndiyo maana nasema sijaona mwingine kama yeye. Wapiga drams wengi hujua nyumba moja, wakaipamba vizuri. Yeye alijua njia ya kuingilia nyumba yoyote.

Tuliwahi kuitwa kupiga kwenye klabu ya Wazungu pale Mbeya. Tuliingilia mlango wa jikoni, kama ilivyokuwa desturi siku hizo, na mama mmoja akaja kutuonya kuwa bendi iliyopita iliwaumiza kichwa, kwa hiyo ngoma zisisikike. Stanslaus akabadilika rangi. Ambakisye akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, akatoa mfukoni brashi mbili alizozitengeneza mwenyewe kwa nyaya za breki ya baiskeli, akatandika gazeti juu ya ngoma ndogo, akaanza kuifagia. Ilikuwa sauti ya mtu anayetembea kwenye majani makavu. Walicheza dansi zao za taratibu, mikono viunoni, na baada ya muda nikaona mzee mmoja, mkulima mwenye shingo nyekundu, amesimama kando ya drams na glasi yake, hachezi wala hanywi. Wimbo ulipokwisha alimwinamia Ambakisye kichwa, akaenda zake. Yule mama hakurudi.

Mara nyingine, Iringa, mwenye duka la vitambaa alituita arusini kwake. Kulikuwa na mzee wao wa Kihindi mwenye ngoma ya kupiga pande mbili, na ilipangwa tupokezane: yeye apige zao, sisi tupige zetu. Ambakisye alikaa chini karibu na yule mzee, akawa anaitazama mikono yake. Hawakuwa na lugha ya kuongea, kwa sababu Kiswahili cha mzee yule kilikuwa cha dukani tu, cha bei na mita. Ilipofika zamu yetu Ambakisye akaanza na mapigo ya mzee, akayageuza kidogo kidogo mpaka yakawa rumba, na mzee akaichukua ngoma yake akaingia naye. Akina mama wa Kihindi walisimama kucheza, na sisi wengine tukabaki kuwakimbiza wale wawili kwa nyuma.

Na huko Uyole, wakulima walipomaliza kuvuna, alikuwa akiacha vijiti akapiga kwa viganja mwendo wa ngoma za vilimani, na wazee waliokuja kulalamika kwamba dansi linaharibu vijana wakajikuta wanatikisa mabega. Halafu wakaendelea kulalamika.

Siku moja nilimwuliza siri yake ni nini. Nilikuwa nimeona kwamba wakati sisi tunatazamana au tunatazama warembo, yeye macho yake yako chini, sakafuni.

“Natazama viatu,” akaniambia. “Kila dansi kuna mtu mmoja asiyejua kucheza. Kamleta mke wake, au kamleta mchumba, na anaogopa kuchekwa. Namtafuta huyo. Nampigia yeye. Akipata yeye, wengine wote wameshapata.”

Nilipokea maneno hayo kama fundisho la kazi, na mpaka leo nawafundisha hivyo. Sikujua kwamba kulikuwa na sababu nyingine ya kutazama chini.

Baada ya miaka michache tukaanza kuona mambo. Kwenye jukwaa la mbao Ambakisye alikuwa yule yule. Lakini kwenye kumbi za saruji mara nyingine alichelewa kuanza, au tulimaliza wimbo naye akaongeza pigo moja. Ukimwita kutoka nyuma hageuki. Stanslaus alianza kumnusa anapoingia mazoezini. Siku moja alitukusanya nje, mimi na mpiga gitaa.

“Mwenzenu anakunywa,” akasema.

“Ambakisye hanywi, Bwana Stanslaus,” nikamwambia. “Hata togwa anaikataa.”

“Basi anakunywa kwa siri, na hao ndio wabaya. Mwezi ujao tunakwenda Iringa kupambana na bendi yao. Yule mpiga drams wao kijana ameshaniambia angependa kuhamia Mbeya. Ambakisye akikosea huko, tunarudi na yule.”

Jumamosi iliyofuata nilienda kwa Ambakisye kama kawaida, kwa kuwa nilikula kwao zaidi kuliko kwangu. Yeye alikuwa uani anapasha ngozi. Mkewe, Subilaga, aliniwekea ndizi na maziwa ya mgando, kisha akasimama mlangoni, ananitazama mimi na kumtazama yule aliyekuwa uani.

“Shemeji,” akasema kwa sauti ya kawaida, wala hakunong'ona, “mwenzako hasikii.”

Nilidhani ana maana ya ukaidi, wanawake husema hivyo. Nikacheka.

“Hasikii kwa masikio,” akasema. “La kulia lilikufa hukohuko migodini, kwa ile mashine. La kushoto linafuata. Anavua viatu ili asikie mbao za jukwaa, na anatazama chini ili miguu ya wachezaji imwonyeshe mwendo. Nikitaka kusema naye usiku lazima niwashe kibatari anione mdomo. Unaona, nasema habari zake, na yeye yuko pale pale.”

Nikamtazama. Alikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni, ameweka kiganja juu ya ngozi, ametulia.

“Kwa nini hakutuambia?”

“Mngemwacha akapige?”

Akanisogezea bakuli la maziwa. Akasema, “Usimwambie kwamba nimekwambia. Ila ukiwa naye kule, mwangalie.”

Nilikaa na maneno hayo kama mtu aliyeshikishwa kitu cha moto hana pa kukiweka. Kumwambia Stanslaus ilikuwa ni kumfukuzisha rafiki yangu, na kunyamaza ilikuwa ni kumpeleka Iringa, kwenye ukumbi ambao jukwaa lake, nilikumbuka vizuri, lilikuwa la saruji. Nikaamua kufanya nilichoweza. Katika mazoezi yaliyobaki nilianza kuinua saksafoni juu kila ninapomaliza kiwanja changu, na kuinama kila wimbo unapokaribia mwisho. Mpiga gitaa aliniuliza kama nina chango. Ambakisye hakuuliza kitu, lakini niliona macho yake yanahama kutoka sakafuni na kuja kwangu.

Tulifika Iringa mchana, baridi imeshika, mawingu yamekaa juu ya kilima. Watu walikuwa wengi kupita uwezo wa ukumbi. Walikuwapo makarani, walimu, madereva wa malori, na vijana waliotembea kwa miguu kutoka Kalenga kuja kumwona mtoto wao akipiga, maana yake mimi. Madirisha yalifungwa kwa sababu ya upepo. Taa, kipaza sauti na gitaa vyote vilitegemea jenereta moja iliyonguruma nyuma ya ukumbi.

Wenyeji walipiga kwanza, na walipiga vizuri. Kijana wao wa drams alikuwa na mikono myepesi na shati jeupe. Stanslaus alimtazama kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Kisha tukapanda sisi.

Ambakisye alivua viatu, akakanyaga saruji, nikaona ameelewa. Alikisogeza kiti chake kidogo akaniweka mbele ya macho. Nyimbo za mwanzo zilikwenda. Niliinua saksafoni, nikainama, nikatikisa kiwiko. Nilicheza kama mtu wa sarakasi, na vijana wa Kalenga wakapiga miluzi wakidhani mjini ndivyo tunavyofanya. Pale sakafuni nilimwona hata yule mtu wake wa siku hiyo, dereva mnene mwenye viatu vipya, ambaye mwanzoni alikuwa anakanyaga miguu ya mwenziwe na sasa anazunguka naye bila kuangalia chini.

Usiku ulikuwa umeshaingia tulipoanza rumba yetu kubwa. Mwimbaji alikuwa katikati ya ubeti wa kwanza jenereta ilipokohoa mara mbili ikafa. Kukawa giza tupu. Gitaa likafa, kipaza sauti kikafa, wanawake wakapiga kelele, na Stanslaus, mwenye ile sheria yake, alikuwa wa kwanza kuivunja: tarumbeta ikakatika kama aliyekabwa koo. Besi ikaacha. Nami nikaacha.

Ambakisye hakuacha.

Mwanzoni nilidhani ameamua kutuokoa. Watu nao walidhani hivyo, wakamshangilia. Lakini niliposikiliza nikagundua kwamba haikuwa drams ya mtu anayepiga peke yake. Mpiga drams akiachiwa peke yake hujaza, hupasua, hujionyesha. Huyu alikuwa ametulia, anamsindikiza mwimbaji ambaye hakuwapo. Alimaliza ubeti, akainuka kidogo kuingia kiitikio, akapiga toazi pale hasa ambapo tarumbeta ya Stanslaus ingeingia, halafu akaipisha. Alikuwa hajui kwamba tumenyamaza. Alijua taa zimezimika, akaishika sheria ya bendi, na kichwani mwake sote tulikuwa tunapiga.

Watu wakaanza kucheza. Nilisikia nyayo zao kwenye saruji, mamia ya nyayo gizani, zinashuka pamoja naye. Nimepiga muziki maisha yangu yote na sijasikia tena drams kama zile. Wimbo mzima ulikuwamo ndani ya zile ngoma. Ungeweza kusikia mahali gitaa linapojibu, mahali mwimbaji anapovuta neno, hata mahali Stanslaus alipozoea kuchelewa kidogo kwa sababu ya meno yake. Alitujua hivyo. Alikuwa ametubeba sote, nasi tumesimama tu pembeni yake.

Kisha akashusha. Kijiti kimoja ukingoni, taratibu, na baada ya hapo kimya kirefu chenye umbo nililolijua. Kiwanja changu. Alikuwa ameniachia, gizani, kwa imani kwamba nimo ndani yake napuliza.

Nikaweka saksafoni mdomoni. Noti ya kwanza ilitoka kama mlango mbovu. Ya pili ikakaa. Nikapuliza kidogo, nikanyamaza, na kijiti kikanijibu pale pale kilipopaswa kujibu, ingawa mwenye kijiti hakunisikia. Nilipofika mwisho, pigo la mguu lilidondoka pamoja na pumzi yangu ya mwisho, sawasawa. Hapo Stanslaus akaamka, tarumbeta ikaingia, besi ikafuata, na ukumbi ukalipuka.

Jenereta ilipofufuliwa taa zilitukuta tunapiga na watu wanacheza. Ila mpiga gitaa alikuwa amesimama tu, mikono imening'inia, kwa kuwa chombo chake kilikuwa bado hakijapata moto, maana spika za siku hizo zilichelewa kuamka. Ambakisye alimwona. Akamwangalia mwimbaji, aliyekuwa ameketi pembeni na maji yake. Kisha akamwangalia Stanslaus, ambaye ameshusha tarumbeta na kumkodolea macho. Mikono yake haikuacha kupiga, lakini uso wake ulishuka, akajua kwamba tumejua.

Tulipoteremka, yule kijana mwenye shati jeupe alimkimbilia, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Kaka, ile ya gizani naomba unifundishe.”

Ambakisye akamtazama mdomo, akatabasamu. “Ile,” akasema, “hata mimi siijui.”

Stanslaus alimchukua nje ya ukumbi, nami nikafuata bila kuitwa. Walisimama chini ya taa ya mlangoni. Stanslaus akaongea polepole, uso kwa uso.

“Tangu lini?”

“Moja tangu Kusini. La pili mwaka huu ndio limenichoka.”

“Mimi nilisema unakunywa.”

“Najua.”

“Nani kakwambia?” Stanslaus akanigeukia mimi kwa ukali.

“Hakuna aliyeniambia. Ulisema pale nje ya ukumbi, siku ile, nami niko dirishani. Una mdomo mpana, Bwana Stanslaus. Nakusoma vizuri kuliko gazeti.”

Nilidhani mzee atakasirika. Aliinamisha kichwa, akaufuta mdomo wa tarumbeta kwa leso, akaufuta tena.

“Na ukakaa kimya.”

“Ningesemaje? Kama ningesema sinywi, ungeuliza basi una nini.”

Stanslaus akatuamuru tufunge vyombo, tukarudi Mbeya. Sote tulisubiri hukumu. Mazoezi yaliyofuata tulimkuta amewahi kuliko sisi, anakokota viti. Alizisogeza drams mbele, akatupanga sisi nusu mwezi kumwelekea Ambakisye.

“Kuanzia leo tunakaa hivi,” akasema. “Mwenye swali aende akalale.”

Hakukuwa na swali. Nilipiga miaka iliyofuata nikiwapa watu ubavu. Mbeya nzima walisema yule Mhehe ana majivuno, hataki hata kuwatazama wanaomchezea. Stanslaus, ambaye sasa alijua kwamba Ambakisye anasoma midomo, alijifunza kusema kwa mdomo mpana zaidi, lakini kelele hakuweza kuziacha, kwa hiyo sisi wenye masikio tuliumia kwa ajili ya wote. Tukaenda Tukuyu, tukaenda Njombe, tukarudi Iringa mara nyingi. Wale waliomsikia Ambakisye katika miaka hiyo watakwambia hakuwahi kupiga vizuri zaidi. Wachache walijua kwa nini tunamtazama vile.

Halafu, masika moja, alikuja Jumapili kupasha ngozi zake, nami nikaketi karibu naye kama kawaida. Akaniuliza, bila kunitazama kwanza, “Kalolo, jana mvua ilinyesha?”

“Ilinyesha sana,” nikasema alipogeuka. “Bati lilitaka kung'oka.”

“Subilaga aliniambia hivyo. Sikuamini. Nikatoka nje nikaona tope.”

Akaendelea kuizungusha ngoma juu ya makaa. Dansi la siku ile alilipiga lote, kwa furaha kabisa, akampata mtu wake asiyejua kucheza, mwalimu mmoja mrefu kama mlingoti, akamfanya acheze. Tulipomaliza alimwendea Stanslaus akamwambia kwamba anarudi Rungwe. Stanslaus akaanza kubisha, kisha akaacha. Waliagana kwa kushikana mikono, na mzee yule akakaa jukwaani peke yake mpaka walipokuja kufunga ukumbi.

Ambakisye aliishi Rungwe miaka mingi, akalima kahawa na migomba, na kila nilipopata likizo nilikwenda kumwona. Nimepiga na wapiga drams wengi baada yake, wengine hodari sana, wenye masikio mazima. Lakini mkiniuliza nakumbuka nini zaidi, ni asubuhi ile ya kuondoka kwake.

Tulikuwa tumesimama kwenye baraza ya duka moja la Mhindi, mahali malori ya Tukuyu yalipokuwa yakipakia. Subilaga alikuwa anabishana na utingo juu ya mahali pa kuweka kuku. Mvua ikaanza, kwanza kidogo, halafu kwa nguvu, na bati juu yetu likawa linalia hata hatukuweza kusemezana. Ambakisye alitazama matone yakichimba vishimo barabarani. Akatazama bati. Kisha akanyoosha kiganja chake mbele yangu.

“Inapigaje?” akaniuliza.

Nilisimama nikaisikiliza ile mvua kama mtu anayejifunza wimbo mpya. Nikamshika mkono, nikampigia kiganjani: matone madogo kwa ncha za vidole, haraka haraka, na mfereji wa bati, uliokuwa ukidondosha maji mazito pembeni, nikaupiga kwa dole gumba. Akafumba macho. Subilaga akaacha kubishana akatugeukia. Nilipiga mpaka lori likawashwa, nikaona kwamba kisigino chake, ndani ya kiatu, kimeanza kwenda nami.

Akafumbua macho.

“Inakimbia,” akasema. “Iambie ipunguze mwendo.”

Akachukua kapu la kuku mikononi mwa mkewe, wakapanda lori.